Nkambo Yeyote

Siku ya pili, tarehe 6 mwezi wa tano

Nimetwanga sombe, majani ya muhogo. Mukono unauma. Mujukulu wangu Bijou iko ku meza na ordinatere, kompyuta yake, tangu asubui. Chai inapoa. Mama yake, binti yangu, alipokufa nilimulea miye, najua akikatala chai iko na kintu.

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, bakwe, bantu ba muchumba wa Bijou, banakuya kujionyesha. Kwetu nkambo, ni kusema bibi, ndiye anapokea chupa yabo ya pombe, anauliza binti mbele ya bantu bote: tuikunywe? Binti akisema ndiyo, tunakunywa, ndoa imekubaliwa. Nimefua kitenge.

Siku ya tatu, tarehe 7

Nilimuuliza anaandika nini. «Programu, muke mwenzangu.» Ananiita vile kwa kunicheka, ni utani ya mujukulu na nkambo. Anasema hapa yeye haiti kazi, kipande ya programu, ifanyike palepale. Anatoa tu jina ya kazi, itaitwa kisha. Jina peke yake haina aina. Fasi yenye kuipokea ndiyo inasema nini inaingia, nini inatoka. Kompilatere, ule mwenye kugeuza maandiko kuwa luga ya mashini, anapima. Ikienea, ni kusema ikilingana, anapitisha.

Nikauliza: haangalii ni nani?

«Anaangalia umbo tu.»

Kompilatere mujinga.

Siku ya posho, tarehe 10

Bakwe balikuya jana, si leo. Ku mutaa ya Bel-Air, kwa Tantine Régine, dada ya baba ya Bijou. Sikuambiwa. Jirani ndiye alinipa hongera, aliona picha ku telefone. Régine alikaa ku fasi yangu. Aliuliza kwa Kifaransa. Bijou alisema oui. Balikunywa.

Nimevaa kitenge. Nimekivua.

Siku ya Mungu, tarehe 11

Bijou amekuya kisha misa. Anasema bakwe ni bantu ba masomo, aliogopa nitasema maneno yangu makali. Kisha: «Nkambo, chupa iliingia, jibu ilitoka. Umbo ni ile ile.»

Nikamuambia: usinitolee maneno ya mashini.

Akainama. Akasema iko namna ingine: unafunga jina ya kazi na muntu mwenyewe, palepale. Siku kazi inaitwa, ni yeye tu, hapana mwingine.

Basi ulijua namna zote mbili. Ukachagua nkambo yeyote.

Alinisaliti mutoto niliyemubeba ku mugongo. Naandika na herufi zangu mbaya zenye nilifunzwa ku parokia: nimeumia. Nilimupa bukari, ugali yetu. Amekonda.

Siku ya kwanza, tarehe 12

Alilala hapa. Asubui tulichambua mboga, sisi babili. Pasipo chupa, pasipo bantu, nilimuuliza: pombe ya bale bantu, tuikunywe?

Alishika jani moja mukononi. Akaigeuza.

Nimeweka maji ya chai ku moto ya makala. Sikumuharakisha.