Stempu Chini ya Kiti cha Makori

Jumatatu, 4 Mei
Mtoto amelia tena tangu chai ya asubuhi. Titi hataki. Kliniki ya Suneka wanasema hana ugonjwa, ila kilo zinashuka. Mama mkwe anasema analilia jina, kuna marehemu anataka aitwe kwake. Tumemwita majina ya marehemu wote wa boma hili. Bado. Baba yake yuko Nyamira kwa kuchuma chai, kila akipiga simu anauliza kama amenyamaza.

Leo nilichoka. Nikakalia kile kigoda cha pembeni, kile hakikaliwi. Mtoto akanyamaza. Akanyonya! Kiti kilikuwa na joto. Kama mtu ametoka kuinuka.

Jumanne, 5 Mei
Mama mkwe amenikuta. "Moraa, toka hapo! Hicho kina mwenyewe." Nikatoka. Mtoto akaanza tena.

Mwenyewe ni Makori, kaka ya babu ya mume wangu. Alienda vita vya Wazungu, hakurudi. Mama yake alikataa aliliwe. Akakataa pia mtoto yeyote aitwe jina lake. Anayengojewa hapewi wa kumrithi jina.

Mama mkwe alipoenda shamba nimekigeuza nifute masizi. Chini kuna stempu imebandikwa. Ndovu na gogo, kichwa cha mfalme, na maandishi meusi juu yake. Jina la nchi limefunikwa na moshi. Si ya hapa. Naogopa, lakini mtoto wangu anaisha.

Alhamisi, 7 Mei
Nimefunga kigoda kwa leso, mtoto mgongoni, mpaka Kisii mjini. Muuza ndizi mmoja: "Mama, huko unaenda hakuna viti?" Watu wakacheka. Mimi pia.

Mzee Mhindi wa duka la vitambaa anakusanya stempu. Ziko chini ya kioo cha kaunta yake, nilizionaga nikinunua leso. Akachukua lenzi. Akafunua kitabu kinene cha picha za stempu mpaka akapata ndovu huyo huyo. Burma, huko Asia walikopigana askari wetu. Yale maandishi meusi juu yake ni ya utawala wa jeshi, vita vikiisha.

Nilifurahi. Kumbe Makori aliandika barua!

"Hapana, mama. Hii haina muhuri ya posta. Haijabeba barua. Mtu alileta na mkono yake."

Nikamtoa mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anaangalia nyuma ya mzee, pale hapana mtu. Anacheka.

Ijumaa, 8 Mei
Nimemwambia mama mkwe yote. Alisahau maharagwe jikoni mpaka yakaungua.

Kisha akasema kulikuwa na mgeni. Yeye mwenyewe alisimuliwa akiwa bibi harusi. Askari mwembamba, si Mgusii, alikuja baada ya vita. Mama ya Makori alimlisha, wakaongea nje kwa migomba, akaenda. Watu wakaambiwa aliomba maji tu. Tangu siku hiyo kigoda hakikaliwi.

Kwa hivyo mama ya Makori alijua, askari ndiye alileta habari na stempu. Alikificha kifo cha mwanawe mahali hakuna mtu angegeuza. Siwezi kumlaumu. Hata mimi ningeficha.

Sabato, 9 Mei
Kabla ya kanisa mama mkwe amekalia kigoda mwenyewe, mara ya kwanza tangu aolewe hapa. Akampakata mtoto. Akamwita Makori. Hakupaza sauti.

Mtoto alimwangalia, kisha akaangalia mlango, muda mrefu, kama anasindikiza mtu. Nikampokea, akanyonya. Akalala.

Sasa ni usiku, mtoto na mama mkwe wamelala. Nimeweka mkono juu ya kigoda.

Baridi. Mti tu.