Pumzi za Wifi

Jumatatu, 4 Machi
Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, kalazwa. Pumu. Ile ile ya miaka yote, ila safari hii imemkaba kweli. Wamemfunga barakoa ya mashine inayosukuma hewa, mikanda hadi kisogoni. Akaishusha kidogo aniambie gauni langu baya. Fundi cherehani huyu hana adabu hata kitandani! Haya, leo hafi.

Jumanne, 5 Machi
Madaktari wawili, kauli mbili. Mkubwa anataka mpira: upite kooni, alazwe usingizi, mashine impumulie. Kijana anasema barakoa kwanza, maana mpira kwa kifua kama hiki kuingiza ni rahisi, kuutoa ndiyo kazi. Nikauliza, ipi bora? Bibi, kijana akasema, hewa inaingia, kutoka ndiko kunakobana. Mashine yoyote ikiharakisha, kifua kinajaa. Nimemwelewa. Mlango mwembamba, wageni wanazidi kuingia, hakuna aliyetoka.
Wifi hana mtoto. Uamuzi wameniachia mimi. Mimi niliyefundishwa kuandika na mjukuu! Nimesema barakoa.

Jumatano, 6 Machi
Nimeharibu. Midomo ilimkauka, nikamvua meno yake ya bandia, nikayasugua, nikayafunga kwenye leso. Mashavu yakabonyea. Barakoa ikavuja, mashine ikapiga kelele mchana kutwa. Wakakaza mikanda, wakabadilisha barakoa, na mimi nawatazama, meno mfukoni! Nesi ndiye aliyegundua: Bibi, meno ndiyo yanayoshikilia mashavu. Nimelia chooni. Niliporudi, wifi kaninyooshea kidole: mwizi. Kicheko kikamkata pumzi.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi kalala, katulia. Nikashukuru. Nesi hakushukuru. Huko si kupumzika, kasema, ni hewa chafu iliyokosa pa kutokea, imempanda kichwani. Msemeshe, asilale. Wamepima damu. Daktari mkubwa katoa muda wa saa moja. Asipoamka vizuri, mpira. Kijana hakubisha. Nimekubali.

Naandika kwa mkono mmoja, wa pili kaushika yeye. Namtukana. Nimemwambia mishono yake ni ya magunia — kafungua jicho. Nimemwambia kaka yake alinipenda mimi kuliko yeye — kanifinya. Kidogo mno! Nimemwambia, miaka yote umenikera, na bado nakutaka nyumbani. Hajafinya. Nesi anachana pakiti ya mpira. Narudia kwa sauti, wodi nzima inageuka. We mwanamke, nifinye basi