Sahani Buku, Kikombe Buku

Jumatatu, 8 Septemba
Umeme upo, maji hayapo. Nimeshona suruali mbili kabla ya chai. Kisha Mudi, muuza vyombo pale chini mlangoni, akawasha kipaza chake. "Sahani buku! Kikombe buku! Sahani buku!" Kila kitu elfu moja. Sauti yake mwenyewe, ameirekodi, inajirudia mpaka magharibi.

Kaka Hamisi amepiga simu tena. Anataka Baba akakae kwake Chanika. Kuna uwanja, upepo, kimya. Baba macho yamekwisha, anaona mwanga tu, na Kariakoo ni vikumbo kila hatua. Kaka ana haki. Baba hataki kusikia. "Huku najua nilipo," basi. Na kweli, kila adhuhuri anashuka na fimbo, anaenda msikitini, anarudi peke yake. Ukimshika mkono anakasirika.

Jumatano, 10 Septemba
Nimekwenda kwa mjumbe wa mtaa kumshtaki Mudi. Nimechoka. Mteja ananieleza mikono ya gauni lake, mimi nasikia kikombe buku. Sitaki kuhama. Uzi ukiisha nashuka, nanunua, narudi chai haijapoa. Wateja wananifuata wenyewe. Hapa kuna kila kitu isipokuwa utulivu.

Alhamisi, 11 Septemba
Mudi amehamishwa! Yuko ng'ambo ya barabara ya mabasi ya mwendokasi. Nimeshona gauni zima bila kufumua. Raha tupu.

Baba ana mafua, ameswali nyumbani. Ameuliza yule kijana yuko wapi leo. Nikamwambia leo hayupo. Sikusema amehamishwa, wala kwa sababu ya nani.

Ijumaa, 12 Septemba
Baba hajarudi. Swala ya Ijumaa imekwisha zamani. Nimeuliza msikitini, kwa wauza nguo, kwa makuli. Wazee wenye fimbo wamewaona wengi. Nimepanda kuangalia labda amepita njia nyingine. Kitanda kitupu. Simu yake iko mezani. Naogopa. Nashuka tena.

Jioni. Amepatikana. Nilifika ukingoni mwa barabara, sijui pa kwenda, nikasikia ng'ambo: sahani buku. Nikaelewa, nikavuka mbio. Baba alitoka msikitini akaifuata sauti ile kama siku zote, akijua ndipo penye mlango wetu. Akavuka njia za mabasi peke yake.

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo katikati ya sahani, anakunywa chai. Mudi akainuka.

"Shikamoo dada. Mzee kaja hapa anatafuta ngazi kwa fimbo. Nikasema huyu havuki tena. Namba yako sina."

Nililia mbele za watu. Mlango wa Baba nimeuhamisha mimi.

Jumamosi, 13 Septemba
Hamisi amekuja na gari. Nimemwambia ukweli wote. Amenikaripia mpaka mate yakamkauka, na nimestahili. Alikwisha kufunga begi la Baba. Baba kitandani, fimbo mkononi, akasema mara moja tu: "Kwako, mwanangu, nitalishwa vizuri na nitakaa. Huku natembea."

Hamisi akalitua begi mlangoni. Kisha akatoa sharti: Mudi arudi kabla ya Jumanne, la sivyo Baba anaondoka. Begi limebaki mlangoni.

Nimerudi kwa mjumbe kubembeleza. Alicheka, mbavu hana. "Si wewe uliyesema kelele zitakuua?" Ndiyo, mimi. Akasema pale chini pameshaombwa na muuza mikoba. Ataona.

Jumapili, 14 Septemba
Mjumbe hapokei simu. Baba hajatoka. Amekaa dirishani, ametega sikio. Honi, mikokoteni, watu wanaitana, hakuna anachokijua. Amekula matonge mawili tu. Utulivu huu niliuomba mwenyewe. Nauchukia.

Jumanne, 16 Septemba
Mudi alirudi jana jioni. Muuza mikoba amekubali kona. Leo asubuhi Mudi akanitania kutoka chini: "Dada, nipunguze?" Nikamwambia athubutu aone. Nimempigia Hamisi simu, asikie mwenyewe. Akasema, "Haya."

Begi nimelirudisha juu ya kabati. Baba ameshuka kwenda adhuhuri. Sikumfuata, ingawa miguu ilitaka.

Wakati wa swala Mudi alizima. Sasa amewasha tena. Kichwa kinaniuma, kola nimeikosea mara mbili. Sahani buku, kikombe buku.

Nasikia fimbo kwenye ngazi.