Quernby wa Mwisho Bondeni

Jumapili, 12 Januari

Ukungu tangu alfajiri. Kaka yangu Wilf hakushuka zizini leo. Sikumbuki siku nyingine ya namna hiyo. Jirani yetu Len Maltby ndiye aliyewalisha kondoo. Aliporudi jikoni alivua kofia, akauliza kwa sauti ya chini, mzee kalala? Nikamwambia hajalala, yuko chali tu anatazama dari.

Daktari alishasema. Ini. Hakuna cha kukata tena. Wilf alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama barabara ya Louth bado imejaa maji.

Nimehamia hapa na sanduku moja. Chumba changu cha utotoni, kitanda kile kile chenye bonde katikati. Mkabala ni chumba cha Giles, mwanawe wa pekee. Mlango umefungwa tangu kijana ateleze na pikipiki kwenye kona ya Hallgarth, akafa. Mama yake alikuwa keshakwenda zake zamani. Basi Wilf ameishi humu na kondoo na ukimya wake.

Alhamisi, 16 Januari

Nilikuwa namlisha uji. Akashika mkono wangu, kijiko kikabaki hewani.

"Hes, mimi nikiondoka, nani anabaki?"

"Nabaki mimi."

"Wewe ni Pask."

Kweli. Niliolewa na Harold Pask, Mungu amrehemu, na jina la baba nikaliacha kanisani siku hiyo hiyo. Mtoto hatukujaliwa.

Wilf akasema haiwezekani tuishe hivi hivi. Lazima yupo Quernby mwingine pahali fulani, kwenye kisiwa chote hiki. "Nitafutie. Sitaki kitu kwake. Nataka kujua tu kwamba yupo."

Huyu mtu hajawahi kuniomba kitu. Hata chumvi mezani huinuka akaichukua mwenyewe. Nikasema nitamtafuta.

Ijumaa, 24 Januari

Nimeshinda kanisani kwetu Aswick. Mchungaji Philippa kanipa ufunguo na chupa ya chai, akaniacha peke yangu.

Kwenye mawe ya makaburi jina letu limeota kama majani. Quernby, Quernby, Quernby. Upande wa kaskazini wale wa zamani, herufi zimeliwa na mvua, unazisoma kwa kidole. Na vitabu vya ubatizo vivyo hivyo. Miaka mia nne, na hatujavuka bonde! Aswick, Hallgarth, basi. Anayeoa anaoa ng'ambo ya kijito. Anayekufa anazikwa alipobatizwa.

Kijiji chenyewe cha Quernby, tulikotoa jina, kilikufa zamani za tauni. Kimebaki vilima vya nyasi kwenye malisho ya Len. Watu walitoka na jina tu, wakalivaa. Maana yake ni kijiji cha mawe ya kusagia. Nilimwambia Wilf jioni. Akasema, "Mawe gani? Sisi ndio tuliosagwa." Akacheka, kikohozi kikamshika.

Jumanne, 28 Januari

Louth, maktaba. Kuna dada pale, Bethan, anajua kuchezea kompyuta. Kwanza kaandika Kernby. Halafu Queenby. Nimezoea — maisha yangu yote mpaka ndoa nilikuwa nikilitaja herufi moja moja kama mtoto wa chekechea.

Akanionyesha ramani. England nzima nyeupe, na mahali alipo mtu wa jina hilo panawekwa alama nyekundu. Ramani ya enzi za Malkia Victoria: doa moja tu, bondeni kwetu, kama tone la damu kwenye shuka. Na vidoa vichache pwani, Grimsby. Hao nawajua. Ni wale ndugu pekee waliovuka bonde, walipokataa ukulima wakaenda kuvua samaki kaskazini ya mbali. Meli moja, dhoruba moja, baba na wanawe. Bibi alikuwa akiwataja kila Krismasi.

Ramani iliyofuata, baada ya vita ile ya kwanza. Doa limefifia. Hao nao nawajua, majina yao yamo kwenye mnara wa kumbukumbu wa kijijini. Arthur, Seth, Jabez, George. Babu yetu alirudi peke yake, akiwa na mguu mmoja. Sisi sote tumetoka kwake.

Ramani ya leo. Nukta moja Aswick — huyo ni Wilf. Bethan akasogeza ramani huku na huku. Halafu: "Hee. Kuna mmoja Stoke."

Stoke! Upande wa pili wa nchi, mji wa wafinyanzi. Hakuna Quernby aliyewahi kwenda huko, kwenye vitabu vyote hivi hayupo.

Nimerudi na basi. Sijamwambia Wilf. Kwanza nihakikishe.

Alhamisi, 30 Januari

Nimempigia yule wa Stoke; namba kanitafutia Bethan.

Anaitwa Craig. Fundi wa mapaa. Sauti nzito, ya taratibu, nyuma yake televisheni. Nilipotaja jina la Aswick akazima televisheni.

Nikamuuliza, baba yako ni nani, babu yako ni nani. Akasema, "Mama, nisamehe. Mimi si wa kwenu."

Hadithi yake ndiyo hii. Kalelewa kwenye nyumba za watoto, hii na ile. Baba alikuwepo, lakini baba wa aina ambayo mtoto huondolewa kwake na polisi. Kiangazi kimoja walezi waliwapeleka watoto pwani. Basi likaharibika Aswick. Wakakaa kwenye ngazi za mnara wakingoja fundi, na yeye hakuwa na la kufanya ila kusoma majina. Wanne walikuwa wa jina moja. Akamuuliza mtu aliyekuwa akipalilia maua, hawa wana watu wao? Yule akajibu, hapana, mwanangu, hao hawakuacha mtu.

Alikosea, huyo mpalilia maua. Lakini mtoto alimsadiki.

"Nikafikiri, wao hawana mtu, na mimi sina mtu." Alipotimiza umri akaenda kwa wakili, akalitupa jina la baba yake, akachukua letu. Kihalali, kwa mhuri. Anaye binti, Keeley, yuko shuleni. Naye ni Quernby.

Akaniuliza kama tunataka alirudishe. Alivyouliza, ungedhani ni koti aliloazima.

Nilisema nitampigia tena.

Jumapili, 2 Februari

Nimemwambia Wilf. Ningeweza kumdanganya. Ningesema yupo mmoja Stoke, ukoo wa mbali, lala salama. Nilifikiri hivyo ngazi nzima kupanda. Lakini tangu tukiwa watoto akinitazama usoni anajua.

Alianza kutabasamu niliposema yupo. Ndilo linaloniuma. Kile kitabasamu, halafu nikakizima kwa mkono wangu.

"Mwizi," akasema.

Nikasema alikuwa mtoto, Wilf.

"Kalichukua kwenye mnara wa wafu. Babu karudi na mguu mmoja kulileta jina hilo nyumbani. Giles wangu kalala nalo pale chini. Na huyu kaliokota tu, kama mtu anayechagua soksi dukani." Akahema. "Asikanyage hapa. Unanisikia, Hes? Wala kwenye mazishi."

Nikasema nimekusikia.

Chakula hakugusa. Nimekula mkate na jibini nikiwa nimesimama.

Jumamosi, 8 Februari

Siku tano hakulitaja. Leo, namgeuza ubavu, anaongea na ukuta:

"Anafanya kazi gani?"

Nikajifanya sielewi. Nani?

"Huyo mtu wako."

"Anaezeka mapaa."

Kisha, "Kazi ya kweli, angalau." Kisha tena, "Na huyo binti. Ana jina hilo kwenye vyeti vyake?"

"Analo. Baba yake anasema walimu hawajui kuliandika."

Mabega yake yakatikisika. Sikuona uso. Sijui kama alicheka au ni lile jambo jingine. Nikamuuliza, Wilf, nimwite aje? Niliuliza mara ya pili. Akavuta blanketi mpaka sikioni.

Jumanne, 11 Februari

Dawa imeongezwa. Ananiita Mama. Kondoo wa kwanza amezaa, mapacha. Len alimleta mmoja mpaka kitandani, amefungwa kwenye sweta. Wilf alimshika sikio, akasema "huyu hatadumu", akalala.

Ijumaa, 14 Februari

Wilf amefariki asubuhi hii. Kulikuwa kumepambazuka. Nilikuwa nimemshika mkono lakini nilikuwa nimegeuka kutazama theluji iliyoanza, na nilipogeuka tena alikuwa ameshakwenda.

Hakuna zaidi ya kuandika.

Jumatatu, 17 Februari

Msimamizi wa mazishi amekuja, Bwana Tunnard. Mtu mpole, viatu vinang'aa hata kwenye tope letu. Nyimbo, maua, gari. Mwishoni akauliza wabebaji.

Hapa kwetu jeneza linabebwa na wanaume sita toka nyumbani hadi kanisani, si mbali. Na mbele kushoto, upande wa moyo, hukaa mtu wa jina la marehemu. Baba alikaa pale kwa babu. Wilf alikaa pale kwa baba. Na alikaa pale kwa Giles — hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini, mzazi chini ya jeneza la mwanawe, na hakutaka kupokewa njia nzima.

Tunnard akanihesabia waliojitolea. Nafasi zote zimejaa ila pale.

Nikamwambia Len, kaa wewe. Mmekua pamoja. Len akaipapasa kofia yake.

"Mimi ni Maltby, Hes. Nitambeba hata mpaka Lincoln ukitaka, lakini si pale. Baba yangu atafufuka anizabe kofi."

Tunnard akasema ataweka kijana wake mmoja wa ofisini, ndivyo wanavyofanya siku hizi ukoo ukiisha. Alisema vile bila ubaya. Ukoo ukiisha. Nikaenda kuosha vikombe vilivyo safi.

Jioni nimempigia Craig kumwambia amefariki. Nilimwona anastahili kujua, sijui kwa nini. Alisema pole, na akaisema kama mtu aliyefiwa. Akauliza kama anaweza kuja, akae nyuma kabisa, asiseme na mtu.

Ahadi yangu ilikuwa mdomoni. Wala kwenye mazishi. Nilimwambia aliyoyasema Wilf, yote, hata soksi. Akasema, "Ana haki." Basi hiyo tu, ana haki.

Nikajikuta nasema, kanisa halina mtu wa kuzuia mlangoni.

Ijumaa, 21 Februari

Asubuhi ya mazishi. Baridi kali, jua jeupe. Nimevaa mapema, sina la kufanya, naandika.

Wabebaji wako uani, wanavuta sigara upande wa ghala ili nisiwaone. Jeneza liko sebuleni juu ya vigoda. Ni dogo kuliko nilivyodhani. Alikuwa mtu mkubwa.

—

Kuna mtu getini. Amesimama nje ya geti, haingii. Suti ya kijivu inayombana, mikono mikubwa myekundu kwa baridi. Pembeni yake msichana wa miaka kumi na kitu, koti la shule, nywele zimesukwa vizuri sana — kazi ya mtu aliyeamka mapema. Wamefika kabla ya wakati. Nadhani walitaka kwenda moja kwa moja kanisani, wakapotea njia wakafika hapa. Au hawakupotea.

Len ameingia. "Yule nani?"

Nikamwambia. Jina zima.

Len kamtazama dirishani muda mrefu. Akasema, "Hafanani na nyie hata kidogo." Halafu akasema, "Wamesimama pale nusu saa, Hes. Yule mtoto anatetemeka."

Nimetoka. Nilimwingiza msichana kwanza, nikamkalisha karibu na jiko, nikampa chai. Akasema asante, mama Pask. Ameniambia pole kwa kaka yangu. Hakuna aliyemfundisha, nimeona.

Baba mtu hakutaka kuvuka kizingiti. Tukazungumza uani.

"Umewahi kubeba jeneza?"

"Hapana, mama. Vigae tu."

"Bega lipi lina nguvu?"

Akaelewa. Rangi ikamtoka usoni. "Kaka yako hakunitaka hapa."

"Najua alichosema. Nilikuwepo."

"Basi sitaki kumdhulumu akiwa hawezi kunijibu."

Na ndilo hasa ninaloliogopa mimi. Hawezi kujibu. Bado naona mabega ya Wilf yanatikisika upande wa ukuta, na mpaka leo sijui. Ningejua kama ni kicheko, ningekuwa nimeshamaliza. Ningejua kama ni kilio, pia.

Kengele ya kanisa imeanza. Nimerudi ndani kuchukua glavu, naandika nimesimama, mwandiko wangu utanishinda kesho.

Tunnard yuko mlangoni. Kijana wake wa ofisini amesimama nyuma yake, tayari, mikono mbele. "Mama Pask, nani anakaa mbele kushoto?"

Dirishani namwona Len. Amekwenda kusimama kando ya yule mtu, bega kwa bega, kama anampima. Wanalingana urefu. Len anamwonyesha mkono unapita wapi chini ya jeneza, na wapi unashika wa mwenzio. Yule anafanya kama alivyoonyeshwa, halafu anashusha mikono upesi, anageuka kutazama mlango huu.

Tunnard anauliza tena, kwa upole. Anasema hatuna budi kuanza, njia ina barafu, itabidi twende polepole, na yeye anahitaji tu jina la —