Baba, Dhambi Ilifutwa, Kabula Yupo

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ulinilea hivyo, siwezi kukugombeza kabla sijakuamkia. Na leo nimekuja kukugombeza.

Tangu tukuzike mvua imenyesha hapa Kisesa mpaka udongo wa kaburi lako umetitia upande mmoja. Mama amehamia chumba cha mbele, anasema kile chenu hakilaliki. Ng'ombe wako mwekundu amezaa. Jumamosi mafundi wakimaliza kujengea kaburi tutasimika msalaba, mchungaji atafanya ibada, na mimi nimepewa historia yako niisome mbele ya watu. Hapo ndipo roho inaponiuma, kwa sababu wazee wa kanisa wameshanionya nisimtaje Kabula.

Kabula, mwanao wa Misungwi. Nakukumbusha kana kwamba humjui, maana ndivyo ulivyoishi naye. Ulimzaa enzi zako za kucheza ngoma, kabla hujamwoa Mama, kabla sijazaliwa mimi.

Ukanda huu wote unakujua kwa ushuhuda wako. Hakuna mkutano wa injili ambao hukuitwa mbele. "Nilikuwa mcheza ngoma, nilikuwa mlevi, nilizaa nje, lakini leo nimeoshwa!" Watu wote haleluya. Na nisikufiche, dhambi zako zilikuwa zinanenepa mwaka hadi mwaka. Nilipokuwa shule ya msingi ulikuwa umewahi kulewa ngomani. Nilipofika sekondari ulikuwa umelala mtaroni na mbwa wamekulamba uso. Mimi na Mama tulikuwa tunaficha kicheko kwenye kanga. Tulikuacha, kwa sababu ulikuwa unafurahi.

Niliacha kucheka siku ya mkutano wa Misungwi. Kabula alikuja kukusikiliza, amevaa gauni jipya, amekaa mbele kabisa karibu na spika. Ukafika pale pa "nilizaa nje" ukapita, katikati ya pombe na ngoma, na jina lake hukulisema. Watu wakapiga makofi kwamba umesamehewa, na uliyesamehewa kumzaa ni yeye, amekaa pale pale, naye anapiga makofi. Baada ya ibada alikuja akapiga goti kukuamkia. Ukaitikia, "Marahaba, binti," kama unavyomwitikia mtoto yeyote wa jirani, ukaenda kula na wachungaji. Baba, ile marahaba bado naisikia.

Babu yake mzaa mama alikuwa ameomba ng'ombe wa kumtambua mtoto, kama Wasukuma tunavyofanya, ili aitwe wako na aingie kwenye kaya yako bila maneno. Ukakataa. Ulituambia umeokoka, mila za zamani umezipa kisogo, na kumpeleka yule ng'ombe ni kutaka kulipia dhambi ambayo Yesu ameshailipia. Nani alikwambia ng'ombe yule alikuwa wa dhambi? Alikuwa wa mtoto!

Mimi neema naiamini. Naamini ulisamehewa siku ile ile ulipopiga magoti, na kwamba hakuna mwenye haki ya kukurudishia dhambi hizo tena. Kinachonichosha ni jinsi tunavyoitumia. Dhambi tunaikumbuka inapotupatia makofi, ikitudai kitu tunasema imefutwa. Hadithi ya mtaro ungeiacha ipumzike, Mungu mwenyewe ameshaisahau. Mkono wa Kabula ndio ungeushika. Wewe ukafanya kinyume, tena kwa miaka, na sisi tukaitikia haleluya.

Siku ya msiba mzee wa kanisa alisoma kwamba umeacha mjane na watoto watatu. Kabula alikuwa nyuma ya nyumba, anasonga ugali wa waombolezaji. Spika ilikuwa juu ya paa, kwa hiyo alisikia kila neno. Hakuuacha mwiko. Nilipomkimbilia aliniambia tu, "Mdogo wangu, niongezee maji, unakauka huu." Nikaongeza maji. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo, na nilikuwa nimekukasirikia, na ulikuwa umelala sebuleni umevaa suti.

Juzi wazee walikuja. Wakasema alichofuta Mungu binadamu asikifukue, nitamwaibisha marehemu na kanisa lake. Nikawaambia marehemu mwenyewe alikifukua kwenye vipaza sauti maisha yake yote na ninyi mkiwa mstari wa mbele. Mmoja akanijibu kwamba ule ulikuwa ushuhuda. Ningekuwa mwanamume ningepiga meza. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Dhambi Mungu aliifuta. Huyu binti alimuumba." Wakaomba sala fupi, wakaaga.

Unaona ulikuwa na mke wa namna gani? Sijui kwa nini hukuwahi kumuuliza kuhusu Kabula.

Jana nikampigia Kabula kumwambia habari za Jumamosi. Akaniuliza, kwa upole tu, atakuja kama nani. Nilimwambia mtandao unakatika, nikakata simu, nikalia kwa hasira. Kwa sababu jibu ulipaswa kulitoa wewe, Baba, na umelala zako.

Usidhani nimeacha kukupenda. Bado tukipika kichwa cha sangara nasubiri mtu anibandulie lile shavu aniwekee kwenye sahani yangu, halafu akane kwamba hakufanya hivyo. Wadogo zangu walikuwa wanalalamika na wewe unaangalia pembeni. Ulijua kupenda, tena vizuri. Ndiyo maana nashindwa kukuelewa. Shavu moja tu kwa Kabula, Baba. Mara moja tu.

Basi tuagane. Pumzika, Mungu hakudai, na mtu akija kusema anakudai nitamjibu mimi. Lakini Jumamosi nitasoma, na wakizima kipaza sauti, sauti yangu unaijua, ni yako. Mambo ya mtaro na ulevi sitayagusa, hayo yamekwisha. Wala sitasema ulizaa nje. Nitasema umeacha watoto wanne, Kabula, Ester, Daudi na Rahabu, kwa mpangilio huo.

Asubuhi hii nimempigia Kabula tena. Nimemwambia atakuja kama mkubwa wetu, na kwamba anayeshika msalaba fundi akimimina zege ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo mimi nitampisha. Akauliza tu kama kuna kitu cha kubeba kutoka Misungwi.

Kwaheri, Baba.

Mimi Ester,
mtoto wako wa pili.