Siku Nzuri za Stephania

Gungu, Kigoma
2 Machi 1997

Mpendwa dada Elida,

Shikamoo. Habari za Tabora, na goti lako je? Usinijibu “salama tu” kama ulivyozoea. Niambie kama unapanda ngazi za kanisani mwenyewe au bado unashikwa mkono. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mmoja ambaye ndiye sababu ya barua hii. Mimi bado nafundisha jiografia darasa la sita, na unanijua: nikiona jambo nisilolielewa, situlii.

Mwenyewe ni mdogo wetu Stephania.

Unaijua kazi ya dagaa pale Kibirizi. Siku za giza wavuvi wanatoka na taa za karabai, na wanawake wanawahi kupokea na kuanika. Mwezi ukipevuka mitumbwi inapumzika, watu wanalala watakavyo. Basi Stephania akikesha, mumewe, shemeji Dismasi, alisema ni kazi za giza. Akijifungia ndani siku kumi, hata nywele hachani, alisema anapumzika kwa kuwa ni mbalamwezi. Nami nikakubali.

Mwezi wa kumi na moja, wakimbizi waliposhuka kwa wingi kutoka Zaire, aliwapikia siku kumi na moja mfululizo. Alilala kama saa mbili kwa siku, akaimba, akaongea mpaka sauti ikakauka, akagawa mashuka yote ya nyumbani. Kanisani alitajwa kwa jina. Nilijivuna, sikufichi. Krismasi ikamkuta kitandani, hali chakula, anasema tungepata nafuu asingekuwapo. Hapo niliogopa, dada, kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kwenye zahanati tuliyokwenda kwanza tulieleza machozi tu, wakampa vidonge vya huzuni. Februari akainuka, anacheka, ana mipango kumi kwa siku. Dismasi akachinja jogoo. Kumbe tulikuwa tunaushangilia ugonjwa.

Sasa yuko muuguzi mmoja, Bwana Anatoli, naye ni mkimbizi, kutoka Uvira. Kwao alisomea magonjwa ya akili, na hapa mjini anamsaidia daktari mmoja. Huyu hakuanza na machozi. Aliuliza, “Na siku zake nzuri zikoje?” Nikamshangaa. Akaniagiza nichore kalenda: mstari mmoja usingizi wake, mstari wa pili mwezi wa angani. Ungeniona nilivyoinamia daftari, utadhani nimepewa ramani ya dunia nzima. Tarehe 22 Februari mwezi ulikuwa mpevu, mitumbwi yote iko mchangani, Kibirizi imelala. Stephania alikuwa siku ya sita bila usingizi wa maana, anafagia mwalo, pale wanaposhushia dagaa, peke yake. Giza na mbalamwezi havikuhusika kabisa.

Anatoli anasema kuna ugonjwa wa huzuni peke yake, na kuna ule wa kupanda na kushuka. Ukimwona mgonjwa siku ya machozi tu, huwezi kuutenganisha. Huu wa pili ukitibiwa kwa vidonge vya huzuni peke yake, unaweza kumpandisha mtu zaidi, na akishuka anashuka vibaya. Daktari amevisimamisha kwanza. Lakini hataki kukata shauri haraka. Labda Februari aliamshwa na vidonge vyenyewe, na Novemba sote tulikuwa hatulali. Anataka kujua kama hali hii iliwahi kumpata zamani, pasipo vidonge wala wakimbizi.

Nikakumbuka mwaka 1988, alipokuwa anasoma kwako. Alirudi katikati ya muhula amenyolewa kichwa, tukaambiwa ni malaria. Nimekuuliza mara mbili, mara zote ukanikatiza. Mwenyewe anakumbuka vipande tu.

Juzi alimuuliza Anatoli, “Kwa hiyo hata wale niliowapikia, ulikuwa ugonjwa?” Anatoli akasema yeye na mama yake walikuwa miongoni mwao, na mama alikuwa na siku tatu hajala. “Mimi natafutia dawa usingizi wako, Mama. Ule ugali niliula, na ulikuwa ugali.”

Stephania akalia. Halafu akanigeukia mimi. “Mwandikie dada. Mwambie kile tulichoapa nimemfungulia. Aseme yote, hata ya kituo cha polisi.”

Dada, habari ya kituo cha polisi ndiyo kwanza naisikia. Sikulaumu. Ulimlinda kwa namna uliyoijua. Daktari anamwona tena Jumanne, tarehe 18. Ukipata barua hii kaa chini uandike, hata kwa penseli, umpe mtu wa treni.

Nisalimie shemeji Feliksi, na Regina na wanawe. Dismasi na Bonifasi wetu wanakuamkia. Mungu akutunze, akupe ujasiri wa kuyasema uliyoyabeba peke yako miaka tisa.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Ignas

Stephania ameniomba nimwachie nafasi hapa chini aandike mwenyewe: Dada, usiogope. Mimi ndiye niliyekuomba unyamaze, na sasa nakuomba useme.