Ufa Juu ya Kwemtindi

Dar es Salaam
9 Julai 1973

Mpendwa baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mko wazima, na kikohozi cha mama kimepungua kwenye baridi hii. Mimi ni mzima, joto tu la huku ndilo linalonichosha. Nisalimie dada Marta na shemeji Rubeni huko kitongojini Kwemtindi.

Baba, nina jambo, na ni heri ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Nimeacha kemia. Nimehamia sosholojia, elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, wanavyoamua mambo yao, wanavyogombana na kupatana. Sikufeli. Nimeipenda tu kazi hii kuliko zote nilizowahi kufundishwa. Najua umekwisha kuwaambia wazee kwamba nitarudi mtaalamu wa mbolea. Naomba unielewe.

Mwanao,
Raheli


Mgwashi
2 Agosti 1973

Mwanangu Raheli,

Marahaba. Sisi hatujambo, mama yako bado anakohoa kidogo. Maharage yametoka vizuri.

Barua yako nimeisoma, mama yako naye akaisoma. Kijiji hiki kinahitaji mtu wa udongo, mtu wa dawa, mtu wa mbegu. Mtu wa kuchunguza watu wanaishije ni wa nini? Pale Mombo kila muuza machungwa anakuuliza unatoka wapi na unakwenda wapi, na wala hakupita chuo kikuu.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kijiji. Wakiniuliza habari zako niwajibu nini? Sina la kuongeza.

Baba yako,
Timotheo


Dar es Salaam
20 Desemba 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Tangu Septemba nimekuandikia tena na tena, sijapata neno. Krismasi hii nitabaki huku. Tunafanya utafiti Buguruni, tunaangalia wanawake wanavyogawana maji ya bomba moja bila kupigana. Mwambie mama sweta imefika, ingawa huku siwezi kuivaa.

Mwanao,
Raheli


Mgwashi
10 Februari 1974

Mwanangu Raheli,

Hujambo? Sisi ni wazima, ila sina raha.

Tumepata wageni kutoka chuo chenu, wamefikia nyumba ya wageni ya kanisa. Salimu anatafuta vyura, na akimpata mmoja mdogo kuliko ukucha wangu hushangilia kama amezaliwa mtoto. Secilia anapima mvua. Danieli ni mtu wa miamba. Wanakula meza moja, lakini ukiwasikiliza utadhani wametoka nchi tatu, kila mmoja na swali lake.

Wiki iliyopita Danieli alipanda mlima ulio juu ya Kwemtindi akakuta ufa. Nilikwenda naye. Ni mrefu, unapita hadi migombani, na mkono wangu ulizama hadi begani. Secilia akasema mvua za vuli zilizidi, na ardhi haijakauka. Masika yakianza, anasema Danieli, mlima unaweza kuteremka juu ya zile nyumba. Na Marta ana mimba kubwa.

Kamati ya kijiji ikatenga viwanja karibu na shule ili wahamie. Tukaitisha mkutano. Danieli alieleza vizuri, hata akachora ubaoni. Watu wakamsikiliza, wakamshukuru, wakarudi Kwemtindi. Nikawakemea, wapi! Rubeni akaniambia, “Baba mkwe, nakuheshimu, lakini sihami.” Sababu hasemi.

Nilimlalamikia Danieli. Akanijibu, “Mzee, mwamba ninaujua. Kwa nini watu hawatoki chini yake, hilo sikulisomea. Wapo wanaolisomea.”

Njoo, mwanangu. Njoo kabla ya masika.

Baba yako,
Timotheo


Dar es Salaam
17 Machi 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama kutoka huko nyumbani, na mitihani imeanza. Niliondoka haraka bila kukueleza yaliyosemwa shambani, nilipokuwa nikipalilia na kina mama wa Kwemtindi. Nawe hukuniuliza.

Sikuwauliza kwa nini hawahami. Niliwauliza huko waendako wanaogopa nini. Wakacheka, wakaendelea kupalilia. Kesho yake ndipo yule mjane, mama Dorkasi, alipoacha jembe.

“Tutawekwa pale shuleni,” akasema, “halafu litakuja lori la serikali la kuhamisha watu, litushushe nyikani, kule chini Mombo, tukafe kwa malaria.”

“Nani amesema?”

“Nani hajasema?”

“Na mkutanini mbona mlinyamaza?”

“Mbele ya mwenyekiti? Aseme tunapinga serikali?”

Baba, ndiyo maana nilikuomba uende kwao peke yako, bila kamati, ukae jikoni kwao uwaambie kwamba hakuna lori, na umwonyeshe kila mmoja kiwanja chake kwa mkono wako. Najua hukupenda, lakini ulikwenda. Nilipopanda basi wengi walikuwa wanakata miti ya kujengea. Rubeni alikuwa bado amekaa tu barazani.

Je, amehama? Niandikie upesi.

Mwanao,
Raheli


Dar es Salaam
18 Aprili 1974

Baba,

Shikamoo. Redio imetaja mvua kubwa Usambara. Sina habari yenu yoyote. Hata ukiandika mstari mmoja unatosha.

Raheli


Mgwashi
24 Aprili 1974

Mwanangu mpendwa Raheli,

Wote ni wazima. Naanza na hilo, salamu zitafuata. Barabara ya Soni ilikatika, barua hazikutoka wala kuingia.

Mlima ulishuka Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, tukiwa tunakunywa chai. Tulisikia mngurumo, tukatoka nje. Migomba ilikuwa inatembea, Raheli, imesimama wima inatembea. Baada ya hapo hapakuwa na Kwemtindi, ni tope jekundu hadi mtoni.

Hapakuwa na mtu hata mmoja mle ndani. Walikuwa wote shuleni, wengine chini ya maturubai, lakini walikuwapo. Rubeni alikataa hadi wiki ya mwisho. Kisha mama Dorkasi akaingia jikoni kwake, akajitwika vyungu vya Marta. Akasema, “Mimi naondoka na huyu mjamzito. Wewe baki ulinde kuta.” Rubeni akawafuata nyuma akinung'unika. Siku ile mlima uliposhuka alikaa chini kwenye majani akilitazama lile tope. Nilikaa naye.

Marta amejifungua mtoto wa kiume, mama yako hatoki kule. Tumepoteza kuku na vinu. Salimu amepoteza bwawa la vyura wake, akahuzunika mno hadi watu wakaanza kucheka, kicheko ambacho hatukuwa nacho tangu Februari. Danieli na Secilia wameshinda siku nzima wakibishana juu ya tope, nami niliwapelekea viazi.

Ukija Juni uniletee kitabu cha hilo somo lako, kama kipo cha Kiswahili. Nataka kukisoma mwenyewe.

Mvua inanyesha tena sasa hivi. Mama yako amenitumia neno nilale mchana huu, maana usiku nakesha nikisikiliza mlima, nami nitalala. Naisikiliza, ni mvua tu.

Akupendaye,
Baba yako